Kufundisha kilimo cha usahihi mtandaoni: video, darasa mubashara, kundi la simu au mseto?

Chuo, idara ya ugani au chama cha wakulima kikiamua kufundisha kilimo cha usahihi kwa intaneti, mjadala wa kwanza huwa ni jukwaa gani litumike. Mjadala huo huja mapema mno. Kabla yake kuna jambo linaloamua karibu kila kitu: unachofundisha kinafanyika kwenye skrini au kinafanyika kwenye udongo? Ramani ya setilaiti huzaliwa kwenye skrini na hufundishika hapohapo. Kihisi cha unyevu hufukiwa ardhini, na hakuna video itakayomwambia mwanafunzi kwamba amekifukia vibaya. Kozi nyingi huyaweka yote mawili chini ya jina moja na kuyafundisha kwa njia moja, ndiyo maana mhitimu anaweza kueleza kila kifaa bila kujua afanye nini shambani.

Jumuiya ya Kimataifa ya Kilimo cha Usahihi, katika fasili yake, haikuanza na vifaa. Ilisema ni mkakati wa usimamizi: kukusanya na kuchambua takwimu za muda, za mahali na za mmea au mnyama mmojammoja, kisha kuzitumia kufanya uamuzi kulingana na tofauti zilizopo. Ukiichukua fasili hiyo kwa uzito, kipimo cha njia ya kufundishia kinabadilika. Huulizi tena ni njia ipi inaonyesha droni vizuri zaidi. Unauliza ni ipi inamfanya mtu aamue vizuri zaidi atie mbolea wapi na aache wapi.

Njia nne

Video zilizorekodiwa zina sifa moja ambayo mkufunzi hodari kiasi gani hana: zinasimamishwa na kurudishwa nyuma. Kwa masomo ya programu sifa hiyo ni kubwa. Anayejifunza QGIS, programu huria ya ramani, anahitaji kuona mahali pa kubofya, kusimamisha, kubofya mwenyewe, kukosea, kisha kurudia. Kwenye darasa mubashara hawezi: mkufunzi akishabofya mara tatu, nusu ya darasa imebaki nyuma na inaona haya kusema. Ila zifanye fupi. Uchambuzi wa video za edX, jukwaa la kozi huria za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watazamaji huzifuatilia kwa takriban dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Pia tenganisha video ya dhana na video ya vitufe. Dhana ya kielezo cha mimea, yaani namba inayoonyesha ustawi wa mimea, itakuwa ileile miaka mingi ijayo; menyu ya programu itabadilika toleo lijalo, na ukivichanganya utalazimika kurekodi vyote upya.

Udhaifu wa video ni upweke. Kozi huria za umma zilipovuma mwaka 2012, Coursera na edX zilipoanzishwa, wengi walidhani tatizo la elimu limekwisha. Kwa kawaida wanaomaliza kozi za aina hiyo hawazidi asilimia 15 ya waliojisajili. Takwimu hiyo haisemi yote, kwa sababu wengine hujisajili ili wachungulie tu na kuchukua somo moja wanalolitaka. Hata hivyo, kama unataka kundi zima lifike mwisho wa msimu likiwa na uwezo fulani, video peke yake ni kamari.

Darasa mubashara lina thamani mahali pamoja hasa: kwenye tafsiri. Ramani mbili za shamba moja, zilizopigwa wiki mbili tofauti, zikiwekwa mbele ya watu kumi na tano, zitazaa maelezo matano yanayopingana. Mmoja atasema upungufu wa nitrojeni, mwingine maji yaliyotuama, wa tatu atauliza kama siku ile hapakuwa na kivuli cha wingu. Ubishi huo ndio somo lenyewe, na haurekodiki. Kutumia saa ya mubashara kusoma slaidi ni kuitupa. Zaidi ya watu ishirini hivi, kwa maoni yangu, darasa hugeuka kuwa redio: mmoja anasema, wengine wamezima kamera.

Kundi la simu, la WhatsApp au Telegram, hudharauliwa na vyuo lakini ndilo linalotumika kweli. Mtu yuko katikati ya shamba, anaona jani lenye michirizi ya njano, anapiga picha na kuuliza. Jibu linamfika angali amesimama palepale. Hakuna jukwaa rasmi linaloweza hilo kwa wepesi huo. Tatizo ni kwamba maarifa yanazama: swali lililojibiwa vizuri Jumatatu linaulizwa tena Alhamisi, kwa sababu katikati pamepita salamu na matangazo mia. Lipo pia tatizo la kiufundi ambalo wakufunzi wengi hawalijui. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kupoteza maelezo ya mahali ilipopigwa. Kwa somo linalohusu mahali, hiyo ni hasara ya moja kwa moja. Waelekeze wanafunzi waitume kama waraka, si kama picha, ili viwianishi vibaki ndani yake.

Mseto, yaani mtandaoni pamoja na siku chache za kukutana shambani, ndiyo njia ghali kuliko zote, na kwa sehemu kubwa ya mtaala ndiyo bora. Wengi huiharibu kwa kuweka siku ya shamba mwishoni, ifanane na mahafali. Iweke mapema, pale wanafunzi wanapokuwa wameshajua istilahi lakini hawajazoea kukosea, ili warudi mtandaoni wakiwa na takwimu zao wenyewe za kufanyia kazi.

| | Video | Mubashara | Kundi la simu | Mseto |
|---|---|---|---|---|
| Intaneti | Wastani, na inaweza kupakuliwa usiku | Nyingi na isiyokatika | Kidogo | Kidogo hadi wastani |
| Mrejesho | Hakuna, au wa jaribio la mashine | Papo hapo | Haraka ila hautabiriki | Wa ana kwa ana kwa siku chache |
| Inafaa zaidi | Programu, dhana, hesabu | Kutafsiri ramani, kufanya uamuzi | Dharura za shambani | Vihisi, mashine, sampuli za udongo |
| Inakwama | Mwanafunzi akipotea peke yake | Msimu wa kazi nyingi, mtandao dhaifu | Kumbukumbu na mpangilio | Umbali na gharama |

Kuhusu safu ya intaneti, hesabu inasaidia kuliko hisia. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde, inayotosha kusoma maandishi makubwa, hula takriban megabaiti 225. Mkutano wa video wenye nyuso nyingi unaweza kupita hapo mara kadhaa. Kwa hiyo mhadhara ambao hauna cha kuonyesha usiutoe kwa video. Utoe kwa sauti pamoja na picha chache. Ni jambo dogo, lakini kwa mwanafunzi anayenunua intaneti kwa vifurushi ndilo linaloamua kama atabaki kwenye kozi.

Ramani za setilaiti: hapa mtandao unatosha

Kama ungeruhusiwa kufundisha teknolojia moja tu kwa intaneti, chagua hii. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni bure, zina pikseli za mita 10 katika mikanda ya rangi ya kawaida na ule wa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), na setilaiti zake mbili zikifanya kazi pamoja hupita juu ya sehemu moja ya ikweta kila baada ya siku 5. Landsat ya Marekani, iliyoanza mwaka 1972, ina pikseli za mita 30 kwa mikanda mingi, na hifadhi yake ilifunguliwa bure kwa umma mwaka 2008. Mwanafunzi wa nyumbani ana malighafi ileile aliyonayo mtafiti.

Hesabu yake nayo haitishi. NDVI, kielezo cha mimea kinachotumika sana, ni infraredi ya karibu ukitoa nyekundu, kisha ugawe kwa jumla ya hizo mbili. Mmea wenye afya ukirudisha 0.45 ya infraredi na 0.05 ya nyekundu, unapata 0.8. Mmea uliodhoofika ukirudisha 0.30 na 0.12, unapata karibu 0.43. Mpe mwanafunzi namba hizo kwenye karatasi kabla hujamwonyesha ramani yoyote. Akishazikokotoa kwa mkono, rangi ya kijani kwenye skrini haitamlaghai tena.

Na inalaghai. Magugu yaliyostawi hutoa NDVI ya juu. Mazao yakishafunga kabisa, kielezo hujaa na kuacha kutofautisha shamba zuri na zuri zaidi. Wingu jembamba hushusha thamani bila kuonekana wazi. Mambo haya matatu ndiyo ya kujadili mubashara; mengine yote yaachie video.

Hapa kuna uchaguzi mwingine ndani ya uchaguzi: utumie takwimu zilizoandaliwa au za shamba la mwanafunzi mwenyewe? Zilizoandaliwa huokoa muda, kila mtu anapata jibu moja, na kusahihisha ni rahisi. Za shamba lake humfanya ajali, lakini zinakuja na taabu zake. Kigae kizima cha Sentinel-2, yaani kipande kimoja cha picha kama kinavyotolewa, hufunika eneo la zaidi ya kilomita 100 kwa 100, na faili lake linaweza kukaribia gigabaiti moja. Usimwagize mtu wa simu alipakue, mkatie kipande. Kisha kuna ukubwa wa shamba. Shamba la mraba la nusu hekta lina takriban pikseli 7 kwa 7, yaani 49, na kati ya hizo 24 ziko ukingoni, zimechanganyika na njia, miti au shamba la jirani. Nusu ya picha haiaminiki. Kwa wanafunzi wenye mashamba madogo kiasi hicho, anza na takwimu zilizoandaliwa za shamba kubwa, kisha uwaonyeshe kwa uwazi kwamba kwao setilaiti inafaa kulinganisha eneo zima na majirani, si kutafuta kiraka kimoja kilicho taabani.

Mpangilio ninaoupendelea: zilizoandaliwa mwanzoni, za mwanafunzi mwishoni. Kinyume chake huzaa maswali mengi ya kiufundi kabla mtu hajajua anatafuta nini.

Vihisi vya udongo: hapa mtandao unadanganya

Hakuna somo linaloonekana rahisi kwenye video kama hili. Mkufunzi anachomeka kihisi, namba inatokea, video inaisha. Asichokiona mtazamaji ni pengo la hewa kati ya kihisi na udongo, ambalo hushusha kipimo. Wala kwamba vihisi vya bei nafuu vinavyopima ukinzani wa umeme huliwa na kutu, ilhali vile vya kapasita, vinavyopima uwezo wa udongo kushika chaji ya umeme, hudumu zaidi. Wala kwamba udongo wa mfinyanzi na wa kichanga vikiwa na kiasi kilekile cha maji vinaweza kutoa namba tofauti.

Dawa ni zoezi ambalo mwanafunzi hulifanya mwenyewe popote alipo. Achukue sampuli ya udongo karibu na kihisi, aipime uzito, aikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 105 kwa saa 24, aipime tena. Tofauti ya uzito ni maji. Akiigawanya kwa uzito wa udongo mkavu anapata unyevu kwa uzito, na hiyo ndiyo rejea ya kukirekebishia kihisi chake. Kama kihisi kinasoma kwa ujazo, kama vingi vifanyavyo, azidishe jibu hilo kwa msongamano wa udongo mkavu. Afanye hivyo udongo ukiwa mkavu, wa wastani na uliolowa. Zoezi hili halihitaji mkufunzi asimame kando yake, ila linahitaji mtu wa kuyaangalia majibu, kwa sababu kosa la kawaida ni kugawanya kwa uzito wa udongo mbichi. Kundi la simu linatosha: picha ya mizani, picha ya kihisi, namba tatu.

Hata hivyo, kwa anayefundisha mafundi watakaovifunga vihisi kwa ajili ya wengine, siku ya shamba haina mbadala. Kuchimba shimo la kina sahihi, kushindilia udongo bila kuuharibu, kuficha nyaya zisikatwe na jembe: mikono ndiyo inayojifunza.

GPS na mashine

Hapa njia zinagawana karibu nusu kwa nusu. Dhana ya usahihi inafundishika vizuri mno mtandaoni kwa zoezi la dakika chache. Simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Mistari ya mazao ikiwa na nafasi ya sentimita 75, kosa hilo ni zaidi ya mistari sita. Kipokezi cha RTK, kinachosahihishwa na kituo cha rejea, hukosea kwa sentimita 2 au 3. Mwambie mwanafunzi asimame sehemu moja na arekodi mahali alipo kila baada ya dakika moja, kisha achore nukta hizo kwenye ramani. Ataona zilivyotawanyika, na baada ya hapo hatasahau kwa nini simu inatosha kupima eneo la shamba kwa makadirio lakini haitoshi kuongoza trekta. Kwa wanaopenda historia: hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu mawimbi ya kiraia kwa makusudi, na kosa lilifika hadi mita 100 hivi.

Mashine ni habari nyingine. Baadhi ya watengenezaji wa matrekta wana skrini za kuigiza za bure mtandaoni, na kwa kujifunza menyu zinatosha: kuweka mipaka ya shamba, kuchora mstari wa mwongozo, kupakia ramani ya kiwango cha mbolea. Zinapokwama ni kwenye ufungaji wa kifaa nyuma ya trekta. Kiwango cha ISO 11783, kinachojulikana kama ISOBUS, kilikusudiwa kifanye trekta na zana za makampuni tofauti zielewane, na mara nyingi huelewana. Zisipoelewana, anayejua skrini ya kuigiza tu hana pa kuanzia. Vilevile kipima mavuno cha mashine ya kuvunia hakiaminiki mpaka kilinganishwe na mzigo uliopimwa kwenye mizani halisi, na tendo hilo ni la wakati wa mavuno, si la wakati wa kozi. Panga kalenda yako kwa msimu, si kwa muhula.

Droni nitazipitia haraka kwa sababu zimeshapewa muda mwingi kupita kiasi katika kozi hizi. Kuruka kwenyewe leo kunafanywa na programu. Kiigizaji kwenye kompyuta kinatosha kwa mazoezi ya awali. Kupanga safari yenye picha zinazofunikana kwa asilimia 70 hadi 80, na kuziunganisha kwa programu huria kama OpenDroneMap, kunafundishika kwa video. Sheria za urukaji hutofautiana kwa nchi, zifundishe kwa kuwapa wanafunzi waraka wa mamlaka yao wenyewe, na wausome. Kinachobaki, yaani betri, upepo na kutua salama, ni cha siku moja ya shamba.

Jukwaa, sasa

Ukishajua unafundisha nini kwa njia ipi, jukwaa linajichagua. Moodle, ya tangu mwaka 2002, ni huria na ina programu ya simu inayoruhusu kupakua masomo na kuyafungua bila mtandao. Inataka mtu wa kuitunza. Kolibri imetengenezwa mahsusi kwa maeneo yasiyo na intaneti: kompyuta moja hubeba masomo yote na nyingine huyachukua kutoka kwake. Kwa nadharia ya jumla hakuna haja ya kurekodi upya. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina chuo cha mtandaoni chenye kozi za bure, na unaweza kuwaelekeza wanafunzi huko kisha muda wako ukautumia kwenye uchambuzi wa mashamba yao.

Kama wanafunzi wako ni maafisa ugani wenye kompyuta na ofisi, video pamoja na kliniki ya mubashara kila wiki inatosha kwa ramani na GPS, na siku mbili za shamba kwa vihisi. Kama ni wakulima wenye simu tu, geuza mpangilio: kundi la simu liwe darasa, sauti fupi ziwe mihadhara, video ziwe chache, na ramani uwatengenezee wewe ili wao wajifunze kuzisoma na kwenda kuzihakiki. Wanafunzi wa chuo wanaweza kubeba mzigo wote wa QGIS, usiwahurumie.

Mtihani nao unafuata mgawanyo huohuo. Maswali ya kuchagua jibu yanapima istilahi, na mashine husahihisha, basi yatumie kwa hilo na usiyape zaidi ya robo ya alama. Alama zilizobaki ziende kwenye ripoti moja: mwanafunzi achague sehemu mbili za shamba moja, moja yenye NDVI ya juu na moja ya chini, aende kwenye kila moja, apige picha yenye viwianishi, achimbe, aangalie mizizi na unyevu, kisha aandike sababu anayoiamini na atakalolifanya. Soma kwanza sentensi ya mwisho ya ripoti. Kama imeandikwa «sehemu ya chini inahitaji mbolea» na picha inaonyesha maji yametuama, unajua ni kipindi kipi cha kozi kinachohitaji kurudiwa mubashara.